Shingo ni ya Mchinjaji

Siku hizi mtu wa mtaa wa Kimbo hununua kuku aliyekufa juzi, kakatwakatwa na kufungwa kwenye plastiki, wala haulizi ni mkono gani uliomchinja. Zamani zile, Ruiru hadi Thika, kuku hakuingia chunguni mpaka mtu mwenye jina na ukoo amemlaza kuelekea kibla, akamtajia Mungu, kisha akapewa shingo kuwa haki yake.

Shingo ni ya mchinjaji. Neno hilo halikuandikwa popote, na pengine ndiyo sababu lilishikwa. Mgeni alipewa kidari, mwenye nyumba akala firigisi, na aliyeshika kisu akafungiwa shingo kwenye jani la mgomba. Sele wa Ruiru aliishi kwa neno hilo, na kwa neno hilo nusura aangamie. Wengi waliyaona yaliyompata. Aliyejua chanzo chake ni Gathogo, kwa sababu sindano ilikuwa mkononi mwake.

Gathogo alikuwa na miaka thelathini na miwili mwaka ule wa 1956, kibarua katika shamba la kuku la mzungu mmoja kando ya mto, katikati ya mibuni. Mzungu huyo wafanyakazi walimwita Bwana Kihara kwa ajili ya upara wake. Shule Gathogo aliiacha darasa la nne. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe kwa kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada, aliyoiokota penye takataka za nyumba kubwa. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, na Mkikuyu aliyeonekana na kitabu alitazamwa kama aliyeonekana na bunduki. Kwa hiyo alisomea ndani ya ghala la chakula cha kuku, amekaa juu ya magunia ya pumba, mlango ameurudisha.

Mwezi wa tatu Bwana Kihara akaleta sindano nene kama mwiba wa mchongoma, na mikebe yenye punje nyeupe, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele. Kazi akapewa Gathogo. Jogoo akishapata umri, alimbana kwapani, akamsukumia punje moja chini ya ngozi ya shingo, juu kabisa, karibu na kichwa. Nyapara wao, Mkamba aliyeitwa Munyao, alisema ni dawa ya kunenepesha.

"Inanenepesha vipi?" Gathogo aliuliza.

"Wewe choma," Munyao alisema. "Kuku mwenyewe halalamiki, wewe wakili wake umelipwa na nani?"

Wiki ya tatu, majogoo waliacha kuwika.

Mtu aliyelala miaka yote karibu na mabanda ya kuku haamshwi na kuwika kwao. Huamshwa na kutowika. Asubuhi hiyo laini nzima ya vyumba vya wafanyakazi iliamka mapema kuliko kawaida, watu wakatoka milangoni na mashuka mabegani, wakitazamana bila kujua walichokuwa wakikitafuta. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mibuni. Majogoo mia nne walikuwa wazima, wamekaa chini, wametulia kama watu kanisani. Vile vilemba vyekundu vya vichwani vilikuwa vimesinyaa na kupauka, rangi ya ngozi ya kidonda kilichopona. Hakuna aliyepigana na mwenzake. Wiki iliyofuata Gathogo alikuta jogoo mmoja, mkubwa mwenye makucha ya vita, ametandaza mabawa juu ya vifaranga sita ambao si wake, akiwaita kwa sauti ya chini ya mama. Gathogo alipomsogelea, jogoo yule alimtazama tu. Hakukuwa na woga wala hasira katika jicho lile. Kulikuwa na kitu kama huruma, na Gathogo akarudi nyuma mwenyewe.

Siku za Jumanne na Alhamisi alikuja Sele kuchinja, kwa maana kuku wengi walikwenda kwa wenye maduka Waislamu wa Nairobi, nao hawakununua ila kuku wake. Babu yake Sele aliingia Thika na misafara ya zamani, akaoa hapo, na ukoo ukabaki Majengo. Sele mwenyewe alipewa chumba kwenye laini kwa ajili ya kazi. Alikuwa pande la mtu, ndevu nyeusi, sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya mto. Aligombana na kila mtu na kupatana naye kabla ya chakula cha mchana. Yeye na mkewe, Mwanamisi, walitaniana hadharani mpaka wazee wakakohoa. "Huyu mwanamke," Sele alizoea kusema, "nikimkosa siku mbili naota nimekatwa mguu." Naye Mwanamisi hujibu, "Afadhali mguu. Mdomo ndio ungekatwa tukapumzika."

Bwana Kihara alikuwa ametoa amri: vichwa na shingo za majogoo wa sindano vitupwe katika shimo la chokaa nyuma ya banda. Sababu hakuisema; kwake amri ilijitosha. Sele alicheka.

"Shimo limechinja lini?" aliuliza. "Shimo linajua kisu? Shingo ni yangu. Baba yangu alizila, na baba yake. Mchinjaji asiyeonja alichokiua, damu humfuata kumuuliza sababu."

Munyao akaangalia pembeni, kwa maana hata yeye aliona jambo lina haki. Kichwa kilikwenda shimoni. Shingo zilikwenda kwa Sele, kumi, kumi na mbili kila siku ya kuchinja. Mwanamisi alizipika kwa pilipili na ndimu, lakini hakuzigusa. Haki ya kisu hailiwi na asiyeshika kisu. Hilo nalo walilishika, na ndilo lililomsalimisha.

Kufikia mwezi wa saba, Sele alikuwa ameacha kugombana.

Mwanzoni watu walisema amekua. Kisha wakaona kwamba kisu kikishapita, husimama amemshika kuku mpaka atulie kabisa, machozi yakimtiririka ndevuni. Alitokwa jasho katika baridi ya Julai. Ndevu zenyewe zilionekana kuchoka. Vijana wa laini wakaanza kumwita Mama Sele, wakikaa tayari kukimbia kama zamani, naye hakuwafukuza. Hilo liliwatisha wakaacha.

Mchana mmoja Gathogo aliingia banda la tatu kuhesabu waliobaki. Ukungu ulikuwa haujaondoka siku nzima. Alifikiri banda lina kuku peke yao. Halafu akaona, katikati ya majogoo waliokaa, mtu aliyekaa kama wao, magoti yamekunjwa, jogoo mmoja amemlaza kifuani. Sele hakugeuka. Majogoo ndio waliogeuza vichwa, wote pamoja, bila sauti.

"Funga mlango," Sele alisema polepole. "Unawaingizia baridi."

"Sele, unafanya nini hapa?"

"Nimekaa nao. Wao hawanicheki." Alimpapasa yule jogoo. "Gathogo, mimi nilikuwa na mtu ndani yangu, unamkumbuka? Mpiga kelele. Nikiamka nilimkuta ameshaamka. Sasa naamka, namwita, haji. Nyumba iko, mwenyewe hayuko. Na kifua kinaniuma kama cha mwanamwali. Nikigusa naona haya." Akafunua kanzu kidogo, kisha akafunika haraka, lakini Gathogo alikuwa ameona. "Mwanamisi ananitazama, nami namtazama kama dada yangu. Unanijua. Huyo ni mimi?"

Gathogo alitoka bila kuhesabu.

Habari zilifika Majengo, na Amida, dada mkubwa wa Sele, akashuka Ruiru na kapu lake. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyetembea kama anayekwenda kudai. Alimtazama kaka yake mara moja, hakumsalimu, akaingia chumbani na kuanza kupekua: chini ya kitanda, ndani ya mto, chini ya mafiga.

"Unatafuta nini, wifi?" Mwanamisi aliuliza mlangoni.

"Unachokijua. Limbwata. Umemlisha kaka yangu mpaka amekuwa hivi. Mwanamume aliyeng'oa mlango wa baba kwa bega leo analilia kuku!"

"Mwanamke gani humlisha mumewe dawa ili amkimbie kitandani? Wifi, hata mchawi ana akili."

Majirani waliokuwa wakisikiliza walicheka, na kicheko kile kikamharibia Mwanamisi zaidi. Amida akakaza kanga yake. "Si Ijumaa hii, ile ya wiki ijayo, baada ya sala, kwangu Thika. Wazee watakaa. Ama unasema ulichompa, ama unaachwa. Sele, umesikia?"

Sele alikuwa ameketi kizingitini, mikono imevuka kifua. "Fanyeni mnavyotaka," alisema. "Msipige kelele tu."

Jioni ile, jua halijazama, Mwanamisi alimfuata Gathogo ghalani. Hakukaa. "Shemeji," alisema, "wewe unasoma karatasi za wazungu. Basi nisomee mume wangu. Sikumpa kitu, Mungu mmoja. Nikiachwa kwa jina la uchawi, Pumwani kwetu hawatanifungulia mlango. Na yeye nitamwacha na nani? Na yule dada anayemtaka awe kama zamani kwa kumpigia makelele?"

Alipoondoka, Gathogo alibaki na neno lake la mwisho: kama zamani. Akawaona majogoo wake machoni mwa akili, walivyokuwa zamani, na walivyo. Akaona vilemba vilivyopauka, na ndevu za Sele zilizochoka. Akaenda kuchukua mkebe mtupu wa dawa. Ndani ya kifuniko kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, herufi ndogo kama chawa. Alikaa nayo siku mbili na kamusi. Neno kubwa la katikati halikuwamo. Maneno madogo yalikuwamo: jike. Dume. Hutulia. Kichwa. Shingo. Zichomwe au zizikwe. Zisiliwe.

Leo mtoto wa shule pale Kahawa Wendani atakutajia neno lile kubwa huku anatafuna chingamu. Atakwambia homoni: maji fulani yanayotoka katika viungo vya uzazi na kusafiri na damu mpaka kichwani, huko yakaamuru nani apandwe na hasira, nani atamani, nani alie bila msiba. Atajibu mtihani na kusahau. Hataona ajabu kwamba mtu anaweza kubadilishiwa nafsi na punje, na kwamba hasira anayojivunia na upendo anaouapia vina ufunguo mahali asipopajua. Gathogo hakuwa na neno hilo. Alikuwa na sindano na karatasi, na alielewa kwamba dawa ya kumfanya jogoo awe mama haikuuliza kama aliyeila ana mabawa.

Angepaswa kwenda siku hiyo hiyo. Hakwenda. Bwana Kihara alikuwa amesema mbele ya wote kwamba atakayetoa habari za dawa nje ya shamba hatatiwa sahihi katika pasi yake ya kazi. Na Mkikuyu asiye na sahihi, mwaka ule, alikuwa na njia mbili tu, kurudishwa rizavu walikotengewa Wakikuyu, au kufungwa kambini. Gathogo alitafuta njia ya tatu. Alhamisi ile, Sele alipokuwa akinawa, alizichukua shingo zote kumi na moja akazitupa shimoni mwenyewe.

Aligeuka akakuta Sele amesimama nyuma yake.

"Na wewe pia?" Sele alisema. Zamani angemkamata koo. Sasa midomo ilimtetemeka. "Mwanamke nimemkosa. Sauti nimeikosa. Imebaki haki ya baba yangu, nayo unaitupia chokaa?"

"Sele, zinanuka. Zimeoza. Nakuomba, wacha hizo."

"Nimezichinja saa hii, zimeoza lini?"

Na mtu yule mkubwa akashuka shimoni. Alishuka kwa magoti, chokaa nyeupe ikimpanda mpaka mapajani, na katikati ya vichwa vya miezi minne vilivyomtazama kwa macho yaliyokauka akaziokota shingo zake moja moja, akizifuta kwa kanzu, akilia kwa sauti ya chini, ile ile sauti ya jogoo na vifaranga. Gathogo alisimama juu ya shimo. Ulimi wake ulikuwa na maneno yote. Haukuyatoa. Sele alipanda, mweupe kama maiti aliyeoshwa, akampita.

Siku tisa Gathogo alikuwa na karatasi ile ndani ya kofia yake.

Ijumaa ya kikao ilipofika alikwenda kazini kama kawaida, akajaza sindano, akamshika jogoo wa kwanza. Mkono ukakataa. Akaweka sindano chini, akamwambia Munyao anakwenda haja, akapita mibuni mpaka barabarani. Ruhusa ya kusafiri hakuwa nayo. Alitembea maili zote hizo za Thika kando ya mashamba ya mkonge, akilala mtaroni kila gari la askari lilipopita.

Alifika kwa Amida wazee wakiwa bado mkekani. Aliyekaa katikati alikuwa Mwalimu Abdulkarim wa madrasa, mtu wa maneno machache. Mwanamisi alikuwa kwenye kona, uso kafunika. Gathogo alijua kwa kumtazama kwamba amechelewa.

"Ameshatamka," Amida alisema. "Talaka. Na wewe Mkikuyu umealikwa na nani?"

"Nimekuja kusema aliyemroga Sele."

Wazee wote wakamgeukia.

"Ni mimi," alisema Gathogo, akavua kofia.

Akawasomea, neno kwa neno, akitafsiri, na pasipo na tafsiri akisema "hapa sijui". Akawaeleza sindano, punje, majogoo walioatamia. Akataja shimo, na alivyonyamaza siku tisa. Amida alikuwa wa kwanza kujibu.

"Kuku! Kaka yangu amerogwa na kuku!" Akapiga makofi. "Haya, kesho tutamshitaki bata."

Wawili watatu wakacheka. Mwalimu Abdulkarim hakucheka.

"Mwanamke huyu alizila?" aliuliza.

"Hakuzila, Mwalimu. Shingo ni ya mchinjaji."

"Naye ni mzima." Mzee akamgeukia Sele. "Ulitamka ngapi?"

"Moja," Sele alisema. Alikuwa akimtazama Gathogo kwa jicho lile Gathogo alilolijua, lisilo na hasira. "Kumbe walikuwa wananiita," alisema taratibu. "Nilipokuwa bandani. Nilikuwa nawasikia wananiita mwenzao."

Waliokuwa wakicheka wakaacha. Hata Amida alikaa.

Mwalimu alifikiri muda mrefu. Siku hizi jambo kama hilo lingemalizwa kwa simu kabla chai haijapoa. "Talaka ni moja," alisema hatimaye. "Eda ni hedhi tatu. Hesabu hiyo haimo katika kitabu cha mtu wala mdomoni mwa wifi. Imo ndani ya mwili wa mwanamke, nao haudanganyi. Atakaa nyumba ya mumewe mpaka iishe, ndiyo sheria. Sele hatagusa shingo. Kama ni dawa, itamtoka. Kama yule Sele wa zamani atarudi kabla ya siku zile kwisha, atamrejea mkewe kwa neno moja. Asiporudi, basi. Tusimharakishe Mungu."

"Na haki ya baba yangu?" Sele aliuliza.

"Baba yako alikula kuku," Mwalimu alisema. "Wewe hukula kuku."

Gathogo alikamatwa kabla ya kufika Ruiru, karibu na kiwanda cha mkonge, na aliyethibitisha kwamba ametoroka kazi alikuwa Munyao, ambaye hakumtazama usoni. Sahihi ilifutwa. Alipewa miezi mitatu ya kuchimba mawe pamoja na wengine, katika kambi nyuma ya Thika. Hakuna aliyemletea habari. Alipima siku zake kwa siku za Mwanamisi: mwezi wa kwanza, wa pili. Asubuhi nyingine, jogoo akiwika huko Makongeni, alisimama na nyundo mkononi akisikiliza mpaka askari ampige.

Siku ya kutoka walipakiwa kwenye lori, wapelekwe rizavu. Lori likasimama mjini Thika kungoja karatasi. Soko lilikuwa limejaa. Na hapo akasikia sauti.

"Wewe wa mkokoteni! Macho umeyaazima? Yarudishe kwa mwenyewe, umenikanyaga!"

Ilikuwa na mikwaruzo kidogo, kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa, lakini ilifika ng'ambo ya barabara. Sele alisimama katikati ya njia, ndevu zimejaa, mkono hewani. Mkono mwingine ulikuwa umevuka kifua na kukaa hapo, palipokuwa bado pamejaa chini ya kanzu. Nyuma yake Mwanamisi, kapu kichwani, alikuwa akicheka mpaka kapu linatikisika, akimvuta kanzu, akicheka tena alipofokewa na yeye. Siku za eda zilikuwa zimekwisha. Asiyerejewa asingekuwa hapo.

Gathogo alisimama kwenye lori. Akafungua mdomo amwite.

Mwanamisi akainua macho akamwona. Kicheko kikakatika. Hakuwa na chuki usoni, wala shukrani. Alimtazama kama mtu anavyotazama mahali mtoto wake alipoungua. Kisha akapita upande wa pili wa mumewe, upande wa lori, akajiweka katikati yao, akamshika Sele kiwiko na kumgeuza polepole, akimwambia neno lililomfanya aanze kugomba upya. Wakashika njia ya Majengo hivyo, Sele akifoka, yeye akitembea upande wa nje mpaka walipofika kwenye kona. Gathogo hakuwaona tena.